Muhuri

Uwanja wetu hapa Barka hauna jani hata moja.
Ni changarawe, mchanga, mistari ya chokaa,
na kuzunguka kila shimo mchanga uliolainishwa kwa mafuta,
mweusi kama kikaango cha marehemu mama.
Kila mchezaji huja na kizulia chake cha plastiki,
kijani, ukubwa wa msala wa mtoto:
huweka mpira juu yake, hupiga, hukibeba tena kwapani.
Majirani walidhani naenda kuswali jangwani.
Sikuwakatalia.

Tatizo langu lilikuwa moja, nalo lilikuwa kulia.
Mpira uliondoka vizuri, kama mgeni mwenye adabu,
kisha katikati ya safari ukakumbuka jambo
ukakata kona kuelekea mitende ya Bin Sleyum.
Mbuzi wake wananijua.
Nikalenga kushoto zaidi; ukapinda zaidi.
Nikanunua fimbo mpya, riyali sabini na tano;
ukapinda kwa gharama.

Mutisya ndiye mwenye reki, husawazisha mchanga wa mashimo.
Mtu wa Machakos, aliyebeba mifuko ya wakubwa Nairobi
tangu miguu yake haijafika pedali za baiskeli.
Wiki mbili alinitazama bila neno.
Ya tatu nikatukana, kwa Kiswahili,
nikidhani hakuna wa kusikia.
Akaegemea reki, akacheka.
"Bi Rayya, hilo tusi ni la Unguja kabisa. Hebu nione vidole."

Akaviona. "Unakamua nazi.
Tui halitoki kwenye fimbo, mama. Legeza.
Ishike kama mkono wa mtoto mnapovuka barabara:
asiponyoke, asilie."
Nikalegeza. Nikachota mchanga,
mpira ukabaki pale pale, unanitazama.
"Uzito umeusahau mguu wa nyuma. Nenda nao."
Nikaenda nao. Nikaupiga utosini,
ukatambaa kama mende aliyewashiwa taa.
"Umeinua kichwa. Unataka kuona kabla hujatenda."
Kweli. Hata pilau siachi kuifunua.

Akahamia nyuma yangu, upande ambao makosa huonekana.
Akanyamaza mipira minne.
"Kabla ya kustaafu ulifanya kazi gani?"
Uwanja wa ndege, nikasema. Dirisha la tano.
Pasipoti, miaka thelathini na mmoja.
Akajipiga paja.
"Basi! Unagonga muhuri!
Bega la kulia linaruka mbele, mkono unashuka toka juu, twa!
Fimbo inaupangusa mpira toka nje kuja ndani,
unazunguka kama pia, utaachaje kupinda?"

Nilicheka, yeye akaacha kucheka.
"Labda na yangu uliigonga," akasema.
"Usiku, mwezi wa nane, joto limejaa mpaka ndani.
Nilikuwa nimeshika karatasi ya kazi kwa mikono miwili.
Mwanamke wa dirishani hakuinua kichwa."

Sikuuliza ni dirisha lipi.
Niliinama nikapanga kizulia, ingawa kilikuwa kimenyooka.

Akasimamisha chupa tupu ya maji, nje kidogo ya mpira.
"Ukiiangusha, umegonga muhuri.
Anza kushuka na nyonga.
Bega lipange foleni kama watu wengine."
Chupa ya kwanza ikaruka. Ya pili. Ya sita ikapasuka.
Jua likapanda juu ya Hajar, jasho likaingia machoni,
na bega langu, bwana mkubwa wa miaka yote ile,
likajifunza polepole kusubiri zamu.

Sijui ulikuwa mpira wa ngapi.
Nyonga ikatangulia, mikono ikafuata bila kuitwa,
chupa ikabaki imesimama,
na sauti ikawa nyingine: ndogo, safi,
kama kufuli linalofunguka.
Macho yangu bado yalikuwa kwenye kizulia kitupu.

"Sasa," akasema Mutisya, "inua kichwa."

Nikainua, nikamtazama yeye.
Kovu jembamba juu ya nyusi ya kushoto.
Pengo moja. Mvi zinaanza masikioni.
Nilimtazama kwa muda ule foleni isiouruhusu.

Mpira ulikwenda wapi, muulizeni yeye.